Diploma ya IB: mwanafunzi anapata nini ambacho Kidato cha Sita hakimpi?

#1 Mzazi wa Goba
Habari zenu wanajukwaa. Miaka miwili ya Diploma ya IB (International Baccalaureate) inampa mwanafunzi wa Kitanzania kitu gani ambacho Kidato cha Tano na cha Sita hakimpi? Kijana wangu amemaliza Kidato cha Nne na amefaulu vizuri masomo ya sayansi. Shule moja ya kimataifa imekubali kutupunguzia ada, lakini kiasi kinachobaki kingetosha kumsomesha yeye na wadogo zake wawili katika shule nzuri ya bweni hadi wote wamalize. Nimesoma vipeperushi vyao, navyo vimejaa maneno kama "raia wa dunia" na "kufikiri kwa kina", ambayo sina namna ya kuyapima. Kwa maoni yangu tunanunua jina. Naomba mliosoma huko, mnaofundisha huko na mlio na watoto huko mnioneshe vinginevyo, kwa mambo yanayoonekana.

#2 Mwalimu wa Kaskazini
Mleta mada, nimefundisha mitaala yote miwili, kwa hiyo nianze na muundo, maana wengi hubishana kabla ya kujua kilichomo. IB ilianzishwa Geneva mwaka 1968, wakati shule za kimataifa zilipohitaji cheti kimoja ambacho vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vingekikubali. Mwanafunzi huchukua masomo sita: fasihi katika lugha anayoimudu, lugha nyingine, somo la jamii kama Historia au Uchumi, sayansi, Hisabati, na la sita ni sanaa au somo la ziada kutoka katika makundi hayo. Kwa kawaida matatu husomwa kwa kiwango cha juu, kinachokadiriwa kwa saa 240 za kufundishwa, na matatu kwa kiwango cha kawaida, saa 150. Kila somo lina alama 7, na alama 3 za ziada hutokana na insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000 pamoja na somo la Nadharia ya Maarifa. Ndiyo maana alama ya juu kabisa ni 45. Kisha kuna CAS, yaani shughuli za ubunifu, mazoezi na huduma kwa jamii, ambazo hazitoi alama lakini asiyezikamilisha hapewi diploma hata awe na masomo mazuri kiasi gani.

Sasa linganisha na michepuo ya Kidato cha Tano na cha Sita kama PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), yenye masomo makuu matatu. Mtoto wa PCB anaagana na fasihi angali kijana mdogo sana, ilhali wa IB hawezi kuacha fasihi kwa kuwa anataka uhandisi, wala Hisabati kwa kuwa anataka sheria. Hilo linaonekana na linapimika.

#3 Kalamu ya Bati
Mwalimu, shikamoo. Unachokiita upana mimi nakiita kutawanyika. Nimesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) katika shule ya serikali, nikaingia uhandisi, na darasani tulikuwa na wenzetu wachache waliotoka mitaala ya nje. Kwenye hesabu za mwaka wa kwanza hawakutupita hata kidogo. Baadhi yao walikutana kwa mara ya kwanza na mada ambazo sisi tulizimaliza Kidato cha Tano. Kijana anayejua anachotaka, kwa nini alazimishwe kuchambua tamthilia akiwa na miaka 17? Muda wa mtu una mwisho, na saa anazozitumia huko zinatoka mahali fulani.

#4 Binti Mvita
Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya swali hili lina sura nyingine, kwa sababu mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliondoa kidato cha tano na cha sita, na mwanafunzi akawa anatoka Kidato cha Nne na KCSE yake (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mzazi wa Kenya aliyechagua IB alikuwa ananunua miaka miwili ambayo mfumo wa nyumbani haukuwa nayo kabisa. Sasa mtaala mpya una sekondari ya juu ya miaka mitatu, Gredi ya 10 hadi ya 12, yenye mikondo mitatu, kwa hiyo ulinganisho wenyewe umebadilika.

Hapa mjini kuna Aga Khan Academy, iliyofunguliwa mwaka 2003, ambako IB inafundishwa na baadhi ya wanafunzi husaidiwa ada kulingana na uwezo wa familia. Nimewafahamu vijana waliopitia pale wakitokea shule za msingi za kawaida za Pwani. Tofauti niliyoiona kwao ni ujasiri wa kumuuliza mwalimu "umejuaje?" bila kuonekana wakosefu wa adabu. Sina hakika kama ujasiri huo unatokana na IB au na shule yenyewe.

#5 Muuguzi Upanga
Wakuu, kuna jambo hamjaligusa ambalo lilitugharimu sana nyumbani. Mpwa wangu alisoma IB akiwa na nia ya udaktari tangu utotoni. Alichukua Baiolojia na Kemia kwa kiwango cha juu, na somo la sita akachagua sanaa kwa sababu alipenda kuchora. Alifaulu kwa alama ambazo familia nzima ilizishangilia. Tulipoanza kuomba vyuo vya hapa nchini tukakuta kwamba sifa za kuingia shahada ya udaktari zinataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na yeye Fizikia alikuwa ameiacha Kidato cha Nne. Hakuna mtu shuleni aliyetuambia mapema. Mshauri wao wa masuala ya vyuo alijua vizuri vyuo vya Uingereza, lakini vya hapa hakuvijua. Binti amesoma kozi nyingine na anaendelea vizuri, lakini mama yake hadi leo hataki kulizungumza. Mleta mada, umesema kijana wako ni wa sayansi. Muulize leo hii anataka kuwa nani.

#6 Mwalimu wa Kaskazini
Pole sana, Muuguzi. Ulichokieleza #5 ni tatizo la kweli, na ni haki kipate nafasi katika uzi huu. Niongeze kwamba njia ipo, ila ni nyembamba na watu huichelewa. Muundo wa kawaida unaruhusu sayansi mbili, moja katika kundi lake na nyingine katika nafasi ya sita. Mwanafunzi anayehitaji sayansi tatu kwa sababu vyuo vikuu vya nchi anayokusudia kusoma vinazidai, shule inaweza kumwombea IB kibali cha muundo usio wa kawaida, ikiambatisha ushahidi wa masharti ya chuo. Akikubaliwa, huacha somo jingine, mara nyingi la jamii. Ombi hilo hufanywa mwanzoni kabisa mwa miaka miwili, kabla mwanafunzi hajazama katika masomo. Mratibu makini analijua. Asiyelijua hukwambia haiwezekani, na mzazi anaamini.

#7 Ngalawa
Ndiyo maana mimi niliwapeleka wangu Cambridge. Katika A-Level ya Cambridge mtoto anachukua Fizikia, Kemia na Baiolojia bila kumwomba mtu kibali, anasoma kwa kina kama Kidato cha Sita chetu, na cheti kinatambulika nje. Shule nyingi za kimataifa Dar es Salaam zinaitoa, na kwa zile nilizozitembelea ada ilikuwa nafuu kuliko za IB. Sioni kwa nini mjadala uwe kati ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) na IB tu.

#8 Mchanga wa Pangani
Mimi nimesoma IB hapa Tanzania kwa ufadhili, na kabla ya hapo nilisoma shule ya kata hadi Kidato cha Nne. Naomba niseme nilichokipata, kwa kuwa mleta mada ametaka mambo yanayoonekana.

Insha yangu ndefu ilikuwa ya Baiolojia: je, kunde zinaota kwa kiasi gani katika maji yenye chumvi ya viwango tofauti? Swali lilitoka nyumbani, kwa sababu shamba la bibi lililo karibu na mlango wa mto lilikuwa linazidi kuingiliwa na maji ya bahari. Nilipanga mbegu juu ya pamba ndani ya trei za mayai, kila safu na kiwango chake cha chumvi, nikazipanga kwenye baraza la bweni, na kila asubuhi kabla ya kengele nilipima mizizi kwa rula na kuandika kwenye daftari. Safu niliyoimwagia maji matupu ilioza, wakati ile yenye chumvi kidogo ilistawi, na nilitamani kuandika kwamba chumvi kidogo husaidia kunde. Msimamizi wangu alisoma rasimu, akaniuliza swali moja tu: ulimwagia kila safu maji ya ujazo ule ule? Ikabidi majaribio yote yaanze upya. Hakunipa jibu, wala kanuni hazimruhusu kuniandikia. Kazi yake ni saa chache za ushauri na vikao vitatu rasmi vya tafakari, na saa zipatazo 40 zilizobaki ni za mwanafunzi.

Katika shule ya kata nilikuwa na walimu wenye moyo, lakini jaribio lilikuwa kitu ambacho jibu lake linajulikana kabla hujagusa bureti. Hiyo ndiyo tofauti ninayoweza kuitolea ushahidi.

#9 Kalamu ya Bati
Dada Mchanga, umeandika vizuri na hongera, lakini umenisaidia mimi kuliko Mwalimu. Ulichokieleza ni msimamizi mmoja mwenye muda wa kusoma rasimu ya mwanafunzi mmoja. Mpe mwalimu wa Baiolojia wa shule ya kata wanafunzi 12 badala ya 90, mpe maabara na mshahara wa huko, uone kama kunde hazitaota kwa mtaala wa NECTA. Kinachouzwa ni uwiano wa walimu na wanafunzi, kisha sifa zinapewa IB. Na hizo saa 150 za CAS ambazo kila mwanafunzi lazima azijaze, nimeona matokeo yake: watoto wanashushwa kwenye basi, wanapaka rangi ukuta wa shule ya jirani, wanapiga picha na kuondoka.

#10 Jicho la Usambara
Kalamu, sahihisho moja. Saa 150 ni utaratibu wa zamani. Mwongozo wa sasa hauhesabu saa. Unataka shughuli zinazoendelea kwa angalau miezi 18, mwanafunzi aoneshe malengo saba ya kujifunza, na awe na mradi mmoja anaoufanya kwa ushirikiano kwa mwezi mmoja au zaidi. Mabadiliko hayo yanajibu lile basi ulilolitaja, kwa sababu kupaka ukuta Jumamosi moja hakujazi miezi 18.

Kuhusu uwiano wa walimu nakuunga mkono nusu. Zipo shule binafsi za Kitanzania zenye madarasa madogo na maabara zilizojaa vifaa, na bado mwanafunzi wake hamalizi Kidato cha Sita akiwa ameandika utafiti wake mwenyewe wa kurasa kadhaa wenye marejeo, kwa sababu mtihani haudai. Mwalimu hufundisha kile kitakachopimwa, na IB imeuweka utafiti ndani ya kipimo: anayepata E, daraja la chini kabisa, katika insha ndefu au katika Nadharia ya Maarifa hapati diploma, hata alama zake zifike wapi. Kwa hiyo mtaala una mchango wake, nje ya utajiri wa shule.

#11 Kalamu ya Bati
Nashukuru kwa sahihisho la saa. Hoja ya basi naibakiza, kwa kuwa nililiona kwa macho, na jumuiya iliyopakiwa rangi ukuta wake haikuulizwa inahitaji nini.

#12 Mhadhiri Mlimani
Nimefundisha mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza maelezo ya tatu, tofauti na ya Mwalimu na ya Kalamu. Wanafunzi wachache waliotoka IB ninaowapokea huandika vizuri na hunukuu vyanzo bila kufundishwa upya. Hilo ni kweli. Lakini wengi wao wametoka katika nyumba zenye vitabu, wazazi waliosoma, na Kiingereza mezani tangu utotoni. Mtoto huyo ungemweka PCB angeandika vizuri pia. Mpaka tuwe na wengi wa aina ya Mchanga wa Pangani, waliotoka shule za kata wakaingia huko, hatuwezi kutenganisha mchango wa programu na mchango wa nyumbani.

Na kuna upande wa hatari ambao wazazi hawauoni. Uamuzi unafanyika mbali nanyi. Mei 2020 IB ilifuta mitihani yake dunia nzima kwa sababu ya korona, ikakokotoa matokeo kutokana na kazi za mwanafunzi, makadirio ya walimu na kumbukumbu za shule. Matokeo yalipotoka Julai, wanafunzi wa nchi nyingi walilalamika kwamba wamepewa chini ya walichotarajia, na baadhi walikuwa tayari wamekubaliwa na vyuo kwa masharti ya alama. Mwaka huo huo vijana wetu wa Kidato cha Sita walirudi shuleni mwezi Juni na wakaketi kwenye mtihani wao.

#13 Ngalawa
Mhadhiri, kwa heshima, hata Cambridge ilifuta mtihani ule wa Mei na Juni. Hatari hiyo ni ya kila mtihani wa kimataifa. Ila nakubali kwamba mzazi wa Tegeta hana pa kwenda kugonga mlango Geneva.

#14 Njia Panda ya Himo
Mnazunguka. Watu wanalipia mlango wa kutokea, ndiyo sababu kubwa, na si aibu kuisema. Shule ya Moshi iliyoanza mwaka 1969, ambayo sasa ina kampasi na Arusha pia, ilijiunga na UWC (United World Colleges, mtandao wa shule za kimataifa zinazofundisha IB) mwaka 2019; kabla yake barani Afrika mtandao huo ulikuwa na Waterford Kamhlaba ya Eswatini, ambako mabinti wa Nelson Mandela walisoma. UWC ilianzia Wales mwaka 1962 kwa wazo la Mjerumani Kurt Hahn, kwamba vijana wa mataifa yanayotazamana kwa uhasama wakiishi pamoja na kufanya kazi za mikono pamoja watajifunza kuaminiana. Wanafunzi huteuliwa na kamati za kitaifa, na ufadhili hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Anayemaliza UWC na kukubaliwa katika vyuo vikuu vya Marekani vilivyo kwenye programu ya ufadhili ya Davis anaweza kupata msaada wa ada kule. Kijana wa mkulima wa Rombo apate wapi njia nyingine ya namna hiyo? Mleta mada, kabla ya kulipa ada hiyo uliyopunguziwa, mwambie kijana aombe kupitia kamati ya kitaifa.

#15 Mchanga wa Pangani
Njia Panda, mlango upo, lakini usiwafanye watu waamini kwamba kila aliyepita pale alipanda ndege. Katika darasa langu wapo waliopata alama nzuri, wakakosa fedha, wakarudi kuomba vyuo vya hapa, na huko wakakutana na shughuli ya kutafuta ulinganifu wa cheti NECTA kabla ya maombi kukamilika. Matokeo ya Mei hutoka mapema Julai, kwa hiyo muda upo kama umeandaa nyaraka mapema. Asiyeandaa hukimbizana na dirisha la udahili.

Na Mhadhiri, nimekusoma #12. Nyumbani kwetu kitabu kilikuwa kimoja, Msahafu.

#16 Mhadhiri Mlimani
Nimekuelewa, binti, na ushahidi wako ndio wenye uzito mkubwa katika uzi huu kuliko wetu wote.

#17 Mzazi wa Goba
Ahsanteni sana. Nimemuuliza kijana: anasema ni udaktari, na anataka kufanya kazi hapa nyumbani. Swali langu sasa ni jembamba zaidi. Kwa mtoto wa namna hiyo, ile ruhusa ya sayansi tatu aliyoitaja Mwalimu #6 inatosha, au ninamwingiza katika mlolongo wa vibali ambao PCB isingemdai?

#18 Muuguzi Upanga
Kwa udaktari wa hapa, mpeleke PCB. Nasema hivyo kwa uchungu na kwa kumpenda mtoto ambaye simjui.

#19 Mwalimu wa Kaskazini
Mimi ningemwambia mzazi aidai shule ijibu kwa maandishi, kabla ya kulipa shilingi yoyote: je, mmewahi kuomba kibali cha sayansi tatu, mlikubaliwa, na mwanafunzi huyo alidahiliwa wapi? Shule yenye majibu itayatoa siku hiyo hiyo. Ikianza kuzungumzia maono na dira yake, rudi PCB kama Muuguzi alivyosema. Jambo moja bado nalitetea: daktari aliyewahi kujibiwa "majaribio yako hayathibitishi unachodai" akiwa na miaka 17 atasoma majibu ya maabara kwa jicho jingine.

#20 Kalamu ya Bati
Na madaktari wote waliotutibu tangu Uhuru walisoma wapi, Mwalimu?

#21 Mama Wawili Sharjah
Samahani kwa kuingia nimechelewa. Tuko Falme za Kiarabu na binti yetu anaanza IB hapa mwezi wa tisa. Kiswahili anakizungumza na kukisoma vizuri, lakini shule haina mwalimu wa Kiswahili. Wanataka achukue fasihi ya Kiingereza na Kifaransa cha kuanzia mwanzo. Je, Kiswahili kinawezekana?

#22 Jicho la Usambara
Kinawezekana, dada. Kuna utaratibu wa mwanafunzi kujisomea fasihi ya lugha ya mama kwa usimamizi wa shule, kwa kiwango cha kawaida tu. Husoma kazi tisa, angalau nne zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili na angalau tatu zikiwa tafsiri kutoka lugha nyingine, kisha hufanya karatasi mbili za mtihani na mtihani wa kuzungumza. Akichukua pia fasihi ya Kiingereza na kupata angalau alama 3 katika zote mbili, hupewa diploma ya lugha mbili. Kifaransa hakitakuwa cha lazima tena, kwa sababu fasihi ya pili huchukua nafasi ya lugha ya kigeni.

#23 Mchanga wa Pangani
Nami nilifanya hivyo. Shule ilinitafutia mwalimu mstaafu wa Kiswahili, tukawa tunakutana mara moja kwa wiki, naye alikuwa mkali kuliko walimu wote wa zamu. Dada, lifikishe ombi kwa mratibu kabla orodha ya masomo haijafungwa, na vitabu uviagize Dar es Salaam au Nairobi likizo hii, kwa sababu huko Ghuba sikumbuki duka la vitabu lenye diwani hata moja.

#24 Mama Wawili Sharjah
Ahsante, mdogo wangu. Hizo kazi nne za Kiswahili anachagua mwenyewe, au shule inampangia?

#25 Jicho la Usambara
Anachagua akishirikiana na shule, lakini waandishi wa zile nne lazima wawe kwenye orodha ya waandishi walioidhinishwa na IB kwa Kiswahili. Mwombe mratibu awapatie orodha hiyo kwanza ndipo mnunue vitabu.